Treni, Chombo cha Anga na Roboti: Kumpima Astrotrain na Wenzake

Mwaka 1985 kampuni ya Marekani ya Hasbro iliingiza madukani roboti wawili wa plastiki walioibua swali jipya katika ufundi wa vichezeo. Mwaka mmoja kabla, kampuni hiyo ilikuwa imewazoesha watoto roboti anayegeuka gari kisha akarudi kuwa roboti. Sasa akaja Astrotrain, ambaye ni roboti, ni treni ya mvuke, na ni chombo cha anga kama vile vilivyokuwa vikirushwa na NASA wakati huo. Pamoja naye akaja Blitzwing, roboti anayekuwa ndege ya kivita na kifaru. Kundi lao likaitwa Triple Changers, na swali lililokuja nalo lilikuwa hili: mwili mmoja wa plastiki, unaoshikika mkononi mwa mtoto, unaweza kubeba maumbo mangapi kabla haujaanza kuyaharibu?

Swali hilo bado lipo. Leo wapo roboti wa maumbo matatu, wapo wa sita, na ukipita kwenye maduka ya vichezeo ya Kariakoo au ya katikati ya jiji la Nairobi utawakuta jamaa zao, wenye chapa na wasio na chapa. Mzazi huvutwa na idadi, kwa kuwa maumbo mengi yanaonekana kama vichezeo vingi kwa bei ya kimoja. Mimi nasema idadi ni jambo la mwisho kutazamwa. Kichezeo cha namna hii kipimwe umbo kwa umbo, kila moja likijitetea lenyewe, kisha ipimwe njia ya kutoka umbo moja kwenda jingine, maana mtoto hutumia muda mwingi akiwa njiani kuliko anavyotumia akiwa amefika.

Kwanza tujue vilikotoka. Ufundi wenyewe ni wa Japani. Kampuni ya Takara ilikuwa na vichezeo vya Diaclone tangu 1980 na vya Micro Change tangu 1983, na Hasbro ilichukua kutoka huko mashine zilizokuwa tayari, ikazipa jina la Transformers na kuzitoa Marekani mwaka 1984. Katika Diaclone, roboti alikuwa chombo tu. Ndani yake aliketi rubani mdogo mwenye sumaku nyayoni, na yeye ndiye aliyekuwa shujaa. Hasbro ilimwondoa rubani na kumpa roboti mwenyewe uhai. Bob Budiansky, mhariri na mwandishi wa Marvel Comics, akawaandikia wengi wao majina na tabia: huyu mwoga, huyu msaliti, huyu mwenye majivuno. Ndiyo maana baadhi ya vichezeo vile vya mwanzo bado vina kiti cha dereva asiyekuwepo.

Mabadiliko hayo yana uzito mkubwa katika kupima. Zamani umbo la roboti lilikuwa mojawapo tu ya sura za mashine. Tangu 1984 limekuwa mhusika mwenyewe. Hayo mengine ni kazi anazozifanya. Kwa hiyo ukimshika roboti wa maumbo matatu, anza na uso wake. Je, anasimama bila kuegemezwa? Ana kichwa kinachoonekana vizuri, mikono inayoinuka, kifua kinachokwambia huyu ni nani? Kama roboti ni furushi la mabawa na magurudumu yaliyorundikwa mgongoni, treni nzuri haitamwokoa.

Sasa tumrudie Astrotrain, kwa sababu yeye ndiye somo zuri kuliko wote. Nguvu yake haiko kwenye bawaba zake, iko kwenye uchaguzi uliofanywa kabla ya bawaba ya kwanza kuchorwa. Tazama injini ya mvuke ya reli ya Japani, ambayo treni ya Astrotrain imeiga sura yake: ni tangi refu la mviringo, lililolazwa juu ya magurudumu. Tazama chombo cha anga: ni mwili mrefu wa mviringo wenye mabawa na mkia. Viondoe pembeni, yaani magurudumu, dohani, mabawa na mkia, na kinachobaki ni kitu kilekile. Mchoraji aliona kwamba vyombo hivi viwili, ambavyo katika maisha vimetenganishwa na zaidi ya miaka mia ya uhandisi, vina uti mmoja wa mgongo. Kazi iliyobaki ilikuwa kuficha na kufichua vile vya pembeni.

Huo ndio ufundi ninaouheshimu. Wala si bahati ya mara moja, kwa kuwa mwaka uliofuata, 1986, alikuja Octane, anayekuwa lori la mafuta na ndege ya abiria ya Boeing 767. Tangi la lori ni la mviringo. Kiwiliwili cha ndege ni cha mviringo. Wazo ni lilelile, nalo lilifanya kazi tena.

Blitzwing ana mtihani mgumu zaidi. Kifaru kinataka upana, uzito na mnara wa mzinga. Ndege ya kivita inataka wembamba na pua iliyochongoka. Hapa hakuna uti wa pamoja. Kuna mvutano, na ndege ndiyo inayolipa gharama. Inabeba unene wa kifaru popote iendapo. Hata hivyo kifaru chenyewe ni kizuri, na roboti ana kifua kipana kinachomfaa mhusika mkali mwenye kupenda vita. Nampa alama ya kati, kwa heshima.

Wa kusikitisha ni Broadside wa 1986. Yeye ni roboti, ni ndege ya kivita, na ni meli ya kubeba ndege. Isome sentensi hiyo tena uone tatizo lilipo. Meli ya kubeba ndege ina maana kwa sababu ya ukubwa wake dhidi ya ndege zilizo juu yake, na hapa meli na ndege zimetolewa katika mwili uleule, kwa ukubwa uleule. Wapo watakaosema kwamba hata treni na chombo cha anga havilingani kwa ukubwa. Ni kweli, na katuni zenyewe zilimkuza na kumpunguza Astrotrain kadiri hadithi ilivyohitaji; katika filamu ya katuni ya 1986 anasafirisha jeshi zima la wenzake tumboni. Lakini treni hubeba, na chombo cha anga hubeba, kwa hiyo mtoto anapomtoa relini na kumpeleka angani kazi yake inabaki ileile na akili ya mtoto inakubali. Kwa Broadside kazi inakatika. Ndege na meli yake hazisemi habari moja. Roboti anayetoka humo naye ni kasha lenye mikono. Waandishi wa wasifu wake walimpa ugonjwa wa bahari na hofu ya vimo virefu, na tabia hiyo ni nzuri kuliko plastiki iliyomzunguka.

Katika kundi lile la 1986 yumo pia Springer, wa kijani, anayekuwa gari la kivita na helikopta. Namtaja kwa jambo moja: mapanga ya helikopta yake, akiwa roboti, huwa upanga. Kipande hicho hakikutafutiwa mahali pa kufichwa, kilipewa kazi. Ukiwa dukani na kichezeo mkononi, jiulize swali hilo juu ya kila kipande kinachoning'inia: katika umbo hili, hiki kinafanya nini? Kichezeo kizuri kina majibu mengi. Kibaya kina mabaki, yaani magurudumu kwenye viwiko, bawa lililokunjwa juu ya paja zima, pua ya ndege inayochungulia nyuma ya kisigino. Mabaki kidogo hayaepukiki, na mengine hata hupendeza, maana mtazamaji anapenda kuona kwamba roboti huyu kweli ni ndege. Yakizidi, mtoto anaanza kuyang'oa.

Njia nayo ina hesabu yake. Roboti mwenye maumbo mawili ana njia moja tu, ya kwenda na kurudi. Mwenye maumbo matatu ana njia tatu: roboti na treni, roboti na chombo cha anga, treni na chombo cha anga. Mwenye maumbo sita ana njia 15. Kutoka matatu hadi sita, maumbo yameongezeka mara mbili lakini njia zimeongezeka mara tano, na kila njia inadai bawaba zake, vizuizi vyake na nafasi ya kupitisha vipande bila kugongana. Wauzaji hawaitangazi hesabu hiyo, ilhali ndiyo inayoeleza kwa nini roboti wengi wa maumbo mengi hufanana na kitu kilichoanguka kutoka juu.

Mfano mkubwa wa maumbo sita ni Sixshot wa 1987. Ni roboti, ni kifaru, ni gari la kivita, ni ndege ya angani, ni bastola, na ni mbwamwitu mwenye mabawa. Katika katuni ya Japani ya mwaka huo, The Headmasters, walimfanya bingwa wa ninja, na ilimfaa, kwa maana ninja husifiwa kwa kubadilika. Roboti wake ni imara na ana umbo la kutisha. Mbwamwitu anahitaji mtazamaji mwenye huruma, ingawa watoto wanayo huruma hiyo. Kifaru, gari na ndege ni ndugu wa karibu mno. Mara nyingi kinachotofautisha ni kuinua bawa hili au kugeuza mguu ule. Bastola inahitaji uambiwe ni bastola.

Namheshimu Sixshot. Mtu aliyeketi na kalamu akaahidi maumbo sita, kisha akayatoa yote sita katika kiwanda cha 1987, alifanya jambo ambalo wengi wangekwepa. Hata hivyo, nikimweka mezani na Astrotrain, Sixshot ana umbo moja zuri na matano ya kukubaliana nayo, wakati Astrotrain ana mawili mazuri na moja la wastani. Hilo la wastani ni roboti, kwa sababu viungo vyake ni vichache: anasimama, anainua mikono, basi. Ndivyo walivyokuwa wengi wa miaka ile.

Hasbro na Takara, ambayo tangu 2006 imeungana na Tomy kuwa Takara Tomy, hazikuwaacha hawa katika makumbusho. Sixshot alirudi katika mfululizo wa Titans Return akiwa na maumbo yake yote sita, na kichwa chake kinang'oka na kuwa kiroboti kidogo. Astrotrain naye alirudi katika mfululizo wa Siege, akiwa wa daraja la ukubwa liitwalo Leader, kwa bei ya takriban dola 50 za Marekani. Huyu mpya ana magoti, viwiko, na matundu ya milimita 5 mwilini kote ya kuchomekea silaha. Kama roboti, amemwacha babu yake mbali sana. Kama treni, amepoteza kitu. Mfululizo ule ulitaka magari yenye sura ya sayari yao ya Cybertron, na treni iliyotokea haina tena utulivu wa injini ya mvuke unayoweza kuitambua ukiwa upande wa pili wa chumba. Wako wakusanyaji watakaonipinga. Mimi nasimama na treni ya zamani.

Mikono ya mtoto nayo ina haki ya kusikilizwa. Maboksi ya vichezeo hivi vipya huandikwa miaka 8 na kuendelea, na onyo hilo lina sababu mbili zinazochanganywa. Ya kwanza ni usalama wa vipande vidogo, nitaifikia. Ya pili ni ugumu. Roboti wa 1985 aligeuzwa kwa hatua chache na kubwa: kunja hiki, vuta kile, zungusha. Wa leo ana hatua nyingi ndogo, na baadhi zina mpangilio ambao ukiukosea bamba moja linalizuia jingine. Mtoto wa miaka 5 hukata tamaa, na akikata tamaa hutumia nguvu. Plastiki huvunjika hapo. Ukiwa na mtoto mdogo, mtafutie mwenye hatua chache hata kama ana maumbo mawili tu. Atakushukuru kwa kucheza naye.

Hatua nzuri ina dalili. Kipande kinapofika mahali pake kinajifunga, mara nyingi kwa mlio mdogo unaosikika na kuhisiwa kidoleni. Kipande kisichojifunga humlazimisha mtoto kushikilia treni yake isifumuke wakati anaisukuma sakafuni, na treni inayofumuka si treni. Jaribu hili dukani kama muuzaji atakuruhusu: ligeuze umbo la gari, lishike kwa upande mmoja, litikise kwa upole. Kisha lisukume mezani. Magurudumu yanazunguka, au yamechorwa tu? Kama ni treni na haiwezi kubiringika, mwenye duka anakuuzia sanamu.

Plastiki ya mwili mara nyingi ni ABS, ile ngumu yenye kung'aa ambayo hutumika pia kwenye maganda ya kompyuta na redio. Ni nzuri, lakini haipendi kusuguliwa kila siku mahali pamoja, kwa hiyo watengenezaji makini huweka plastiki nyingine, yenye kuteleza zaidi, kwenye viungo, na pini ya chuma katikati ya bawaba. Roboti wa miaka ya 1980 mara nyingi walikuwa pia na sehemu za aloi ya zinki, nzito na baridi mkononi, na uzito huo wengi wetu tunaukumbuka kwa mapenzi. Jua ni adui. ABS nyeupe au ya kijivu ikiachwa dirishani hugeuka manjano, na katika nchi zetu za jua kali haichukui muda mrefu. Wakusanyaji pia wanaijua vizuri plastiki ya rangi ya dhahabu yenye michirizi iliyotumika kwenye baadhi ya vichezeo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980: huoza kwa ndani, kisha siku moja kiungo kinasagika kwa kuguswa tu. Ukiona roboti wa zamani mwenye rangi hiyo anauzwa kwa bei ya juu, fikiri mara mbili.

Kuhusu usalama, sheria ya Marekani hutumia silinda ndogo ya kupimia yenye kipenyo cha milimita 31.7, sawa na koo lililopanuka la mtoto wa chini ya miaka 3 kwa makadirio. Kipande chochote kinachoingia chote ndani ya silinda hiyo hakiruhusiwi kwenye kichezeo cha mtoto aliye chini ya miaka 3. Bunduki za roboti, makombora na vichwa vinavyong'oka, vingi huingia. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mtoto mmoja Marekani alifariki kwa kupaliwa na kombora la chombo cha kuchezea, na tangu hapo makombora ya springi yalibadilika: yakawa marefu zaidi au yakakatazwa kuruka. Kwa hiyo kama nyumbani kuna mtoto mkubwa mwenye roboti na mdogo anayetambaa, silaha za roboti ziwe na mfuko wake na zikae juu. Kama kichezeo kina taa au sauti, kitazame kifuniko cha betri. Betri bapa za duara zikimezwa huunguza koo kwa muda mfupi wa saa chache, na kifuniko salama ni kile kinachofungwa kwa skrubu. Kisichokuwa na skrubu kiache dukani, bila mjadala.

Vichezeo vya kuiga navyo vina historia ndefu. Mwaka huohuo wa 1985 Hasbro ilianza kubandika kwenye roboti zake kibandiko kinachobadilika kwa joto: ukikisugua kwa kidole, nembo inajitokeza na kukuonyesha kama huyu ni Autobot, yaani wa upande wa wema, au Decepticon, wa upande wa maadui. Kilikuwa mchezo, na wakati huohuo kilikuwa njia ya kuutambua uhalisi, kwa kuwa waigaji walikuwa wameshaanza. Sitamlaumu mzazi anayenunua kisicho na chapa. Bei ya halisi ni mzigo, na baadhi ya vya kuiga vinachezeka. Ninachomwomba ni anuse kabla ya kulipa. Harufu kali ya kemikali, rangi inayobaki kidoleni, kingo zenye makali ya mabaki ya kiwandani, pini zilizochomoza: chochote kati ya hivyo kinatosha kukirudisha mezani. Tanzania ina TBS na Kenya ina KEBS kwa ajili ya viwango, na mnunuzi ana haki ya kumwuliza muuzaji bidhaa hii imepitia wapi.

Kuna jambo moja linalonifanya niandike haya kwa moyo wote. Katika kipindi cha katuni cha 1985 kiitwacho Triple Takeover, Astrotrain na Blitzwing wanaamua kumpindua kiongozi wao Megatron. Blitzwing anajenga himaya yake kwenye uwanja wa michezo, Astrotrain kwenye stesheni ya treni, maana huko ndiko umbo lake linakotawala. Hadithi yote imezaliwa na maumbo yao. Hicho ndicho umbo la tatu linachompa mtoto likiwa zuri: mahali papya pa kwenda na sababu ya kwenda huko. Sakafu inakuwa reli, kiti kinakuwa anga, na msafiri ni yuleyule. Roboti wa maumbo mawili hujificha na kujitokeza. Roboti wa maumbo matatu husafiri.

Hukumu yangu basi ni hii. Kwa mtoto wa miaka 8 na zaidi mwenye subira, mwenye maumbo matatu aliyebuniwa juu ya uti mmoja wa mgongo ndiye bora kupita wote, na Astrotrain, wa zamani au wa Siege, ndiye wa kwanza kwenye orodha yangu, Octane anamfuata. Blitzwing mchukue kama mtoto anapenda vifaru. Sixshot ni wa rafu ya mkusanyaji kuliko wa sakafu. Broadside mwache. Na wewe unayekwenda dukani mwisho wa wiki hii, funika idadi ya maumbo iliyoandikwa kwenye boksi kwa kidole gumba, mwombe muuzaji afungue, uligeuze kila umbo mwenyewe kabla ya kutoa fedha.